Dashibodi ya pikapu ikiwa gizani, nenda nyuma ya gari kwanza

Pikapu nyingi za zamani hapa Dar es Salaam huingia kazini watu wengine wakiwa wamelala. Kuna Hilux inayotoka Chanika saa tisa usiku na mchicha wa kuuza Ilala, kuna Datsun inayosubiri samaki Feri kabla hakujapambazuka. Dereva wa gari la namna hiyo akikosa taa za geji, yaani vipimo vya spidi, mafuta na joto kwenye dashibodi, anaendesha kwa kukisia. Hajui kama amevuka kilomita 50 kwa saa zinazoruhusiwa kwenye makazi ya watu, hajui mafuta yamebaki kiasi gani, na gari likianza kuchemsha atajua pale mvuke utakapotoka kwenye boneti.

Wengi wakiona giza hukimbilia dukani kununua glopu. Mimi nasema glopu zije mwishoni. Nyuma ya geji kuna glopu kadhaa, kila moja na umri wake, na ni nadra sana kuungua zote usiku mmoja. Zikizimika kwa pamoja, tatizo liko kwenye kitu zinachokitumia kwa pamoja. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji hata bisibisi: washa taa ndogo, shuka, zunguka nyuma ya gari uangalie kama taa nyekundu na taa ya namba zinawaka.

Kuna sababu. Kwenye pikapu nyingi za Kijapani za miaka ya 1980 na 1990, umeme wa taa za geji unatoka kwenye laini ileile ya taa ndogo. Unaanzia betri, unapita fyuzi na swichi ya taa au rilei (swichi ya sumaku) inayoamrishwa na swichi hiyo, kwa mpangilio unaotofautiana kati ya gari na gari, kisha unagawanyika. Tawi moja linakwenda taa ndogo za mbele, za nyuma na ya namba. Tawi la pili linaingia dashibodi: geji, swichi za hita, redio. Baada ya kupita kwenye glopu za geji, umeme unapita kwenye riostati, yaani kile kigurudumu cha kupunguza mwanga, ndipo unafika ethi, yaani chuma cha bodi ya gari kinachourudisha umeme kwenye hasi ya betri. Ukiishika njia hii kichwani, nusu ya kazi umeimaliza.

Tusichanganye taa za aina mbili. Zinazoangaza namba na sindano huwaka pamoja na taa ndogo. Zile za onyo, yaani betri, oili, breki ya mkono na nyinginezo, zina laini yake inayotegemea swichi ya ufunguo, na kwenye Toyota nyingi fyuzi yake imeandikwa GAUGE. Ukimwambia fundi "taa za dashibodi hazifanyi kazi" bila kusema ni zipi, atapoteza saa nzima akitafuta upande usiohusika.

Dashibodi giza, na nyuma giza

Hapa tafuta fyuzi. Kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi soma panapoandikwa TAIL. Mara nyingi ni ampea 15, ila fuata mfuniko wa gari lako. Usiichomoe na kuitazama kwa macho peke yake, kwa sababu fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana. Acha taa zikiwa zimewashwa, chukua testa ya taa (ncha ya chuma yenye glopu ndogo na waya wa klipu), banisha klipu yake kwenye chuma kisicho na rangi, kisha gusa pande zote mbili za fyuzi. Testa ikiwaka pande zote, fyuzi ni nzima na umeme unapita. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka popote, umeme haujafika pale, na kama taa kubwa zinafanya kazi na kwenye gari lako fyuzi iko baada ya swichi au rilei, basi mtuhumiwa ni rilei ya taa ndogo, swichi, au waya ulio kati yake.

Rilei unaisikia. Mwenzako awashe na kuzima taa huku wewe umeishika kwa vidole. Inapofanya kazi hugonga kidogo. Kama kwenye boksi kuna nyingine ya namba ileile, zibadilishane nafasi ujaribu. Kugonga peke yake hakutoshi, kwa kuwa ncha za ndani zinaweza kuwa zimeungua huku sumaku ikiendelea kuvuta. Swichi ya usukani nayo huchoka, hasa kwenye magari yasiyo na rilei, ambako mzigo wote wa taa unapita kwenye ncha zake ndogo za shaba.

Hali hii usiilaze. Anayekuja nyuma yako na lori kwenye Barabara ya Morogoro hana namna ya kukuona.

Fyuzi inaungua tena na tena

Fyuzi ikiungua mara moja na mpya ikakaa, endelea na safari zako huku ukiiangalia. Ikiungua mara tu unapowasha taa, kuna shoti, yaani umeme umepata njia ya mkato kwenda kwenye chuma cha gari, na hapo ndipo watu wanapofanya jambo ninaloliogopa kuliko yote: kuzungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au waya. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya haujapata moto. Ukiweka waya mnene mahali pake, kitakachoungua ni mkungu mzima wa nyaya nyuma ya dashibodi, na gari linaweza kwenda nao.

Njia salama ya kuwinda shoti bila kumaliza pakiti ya fyuzi ni hii. Chukua glopu ya indiketa ya wati 21, iunganishe na nyaya mbili, halafu nyaya hizo uzichomeke mahali pa fyuzi iliyoungua. Washa taa ndogo. Kama shoti ipo, glopu yako itawaka kwa nguvu zote, kana kwamba umeiunganisha moja kwa moja na betri, lakini itapitisha chini ya ampea 2 tu, kwa hiyo hakuna waya utakaoungua. Sasa anza kutenganisha matawi moja moja huku ukiitazama. Chomoa konekta ya nyaya za nyuma chini ya bodi la mizigo. Chomoa taa ya namba. Chomoa redio. Mahali utakapochomoa na glopu ikafifia ghafla, tawi hilo ndilo lenye shoti. Sehemu nyingine tikisa nyaya kwa mkono. Glopu ikipepesa, uko karibu.

Kwa pikapu za hapa kwetu ningeanza na sehemu mbili. Ya kwanza ni nyuma. Pikapu ya samaki hudondosha maji ya barafu yenye chumvi siku nzima, yanapita kwenye nafasi za bodi na kutua juu ya konekta za taa za nyuma. Ukifungua konekta kama hiyo unaona unga wa kijani umezunguka kila pini, na wakati mwingine pini imebaki nyembamba kama sindano ya cherehani. Hapohapo angalia waya wa taa ya namba unapopita kwenye tundu la bati: raba yake huanguka, bati linakula plastiki ya waya taratibu kila gari linaporuka kwenye mashimo.

Ya pili ni redio. Redio nyingi zilizofungwa mtaani zina waya mmoja wa kuangaza vitufe vyake, unaounganishwa na laini ya taa ndogo. Redio ikibadilishwa na waya huo ukaachwa ukining'inia bila tepu, siku utakapogusa chuma cha dashibodi fyuzi ya TAIL inaondoka. Vilevile, kwenye Toyota nyingi soketi ya redio ina waya wa pili wa taa, unaorudi kwenye riostati. Ukiunganishwa na ethi ya kawaida, fyuzi haiungui, lakini kigurudumu cha kupunguza mwanga kinakufa kabisa: unakizungusha, taa za geji zinabaki vilevile.

Nyuma kunawaka, dashibodi giza

Fyuzi ni nzima, basi. Zungusha kigurudumu cha mwanga. Unaweza kucheka, lakini mtu akiosha gari na kufuta dashibodi kwa nguvu hukishusha mpaka mwisho, na mwenye gari akadhani pameungua. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Taa zikipepesa unapokizungusha, njia yake ya ndani imeshika uchafu na kutu, na mizunguko hiyo inaweza kuisafisha kwa muda.

Zisipopepesa, pima riostati yenyewe. Kwenye Toyota nyingi ina waya tatu: mmoja unaleta umeme wa taa ndogo, mmoja ni ethi, wa tatu unatoka upande wa pili wa glopu za geji. Washa taa, mita ikiwa kwenye volti. Kama ule wa tatu unasoma karibu na volti 12, umeme umeshapita kwenye glopu na umekwama kwenye riostati. Unganisha waya huo na ule wa ethi kwa kipande cha waya. Geji zikiwaka, umempata mkosaji. Ila usifanye hivyo kabla ya kupima. Kuna magari, hasa ya Kimarekani, ambayo riostati iko upande wa umeme unaoingia, na huko ukigusa ethi unapiga shoti. Kwenye hayo, riostati inapokufa unaunganisha waya unaoingia na unaotoka.

Kwa gari la kazi sioni ubaya kuziunganisha moja kwa moja, ukachomelea vizuri na kufunga tepu, taa zikabaki na mwanga kamili siku zote. Riostati nzima ya mtumba inapatikana kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, lakini jaribu kwanza ya kwako kuifungua na kuisafisha.

Riostati ikiwa nzima, imebaki konekta ya nyuma ya geji na ethi yake. Ethi mbovu ina tabia inayojulikana: ukiwasha taa, sindano za mafuta na joto zinasogea, ukiwasha indiketa, zinacheza kwa mapigo yake. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, unaazima njia za wenzake. Pima hivi: ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa geji, nyingine kwenye hasi ya betri, taa zote zikiwaka. Ikisoma zaidi ya sehemu mbili za kumi ya volti, fungua boliti ya ethi hiyo, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, rudisha na upake grisi kidogo.

Ukikanyaga breki, dashibodi inawaka

Dalili hii huwachanganya hata mafundi wazoefu, nami ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu inaeleza yenyewe ilipo. Taa ndogo zimezimwa, mguu uko kwenye breki, na geji zinawaka kwa mwanga hafifu.

Glopu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani: wa wati 5 kwa taa ndogo, wa wati 21 kwa breki. Nyuzi zote mbili zinarudi kwa ethi moja. Ethi hiyo ikikatika kwa kutu, umeme wa breki unashuka kwenye uzi mnene, unakuta mlango umefungwa, unapanda kwa uzi mwembamba na kuingia laini ya taa ndogo kinyumenyume. Laini hiyo, kama tulivyoona, inafika dashibodi. Kwa hiyo hakuna haja ya kugusa geji hata kidogo. Nenda kwenye taa za nyuma, safisha ethi na kishikio cha glopu.

Ukikuta ethi safi, toa glopu uitazame dhidi ya jua. Uzi mmoja ukikatika unaweza kuangukia mwenzake na kuziunganisha laini mbili. Au kuna mtu ameweka glopu ya uzi mmoja kwenye kishikio cha nyuzi mbili, na kitako chake kinagusa ncha zote kwa pamoja. Glopu sahihi ina pini mbili ndogo za pembeni, moja juu kidogo kuliko nyingine. Kama iliingia kwa kulazimishwa, umeshajua.

Upande mmoja giza

Hapo ndipo glopu inapostahili kulaumiwa. Spidi inaonekana, mafuta hayaonekani: glopu moja imekufa, au kishikio chake hakigusi vizuri. Lakini kuifikia unatakiwa kutoa geji, na kazi hiyo isifanywe kwa haraka.

Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Fungua skrubu za fremu ya plastiki inayozunguka geji, nyingine hujificha juu kwenye ukingo wa kivuli. Plastiki ya zaidi ya miaka 30 iliyokaa kwenye jua la Dar inavunjika ukiivuta kabla skrubu zote hazijatoka. Ukishatoa fremu, fungua za geji yenyewe, ivute kidogo tu, kisha pitisha mkono nyuma utafute kebo ya spidi. Ina kibanio cha plastiki cha kubonyeza, au nati ya kuzungusha kwa vidole. Kebo ikiwa fupi haikupi nafasi, ifungue upande wa giaboksi chini ya gari usogeze urefu kidogo ndani. Usiing'oe, ikikatika kichwani, umeanzisha tatizo la pili. Mwisho chomoa konekta kwa kubonyeza meno yake, si kwa kuvuta nyaya.

Geji ikiwa mezani, igeuze. Utaona karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba, na vishikio vya glopu vinavyotoka kwa kuzungusha robo. Mwangaza wa tochi ukiupitisha kwa upande, mistari iliyokatika inaonekana kama ufa mweusi, na pale maji yalipoingia kupitia raba ya kioo cha mbele wakati wa masika, shaba imegeuka kijani. Madoa ya juu futa kwa raba ya penseli mpaka shaba ing'ae. Mstari uliokatika ukwangue utando unaoufunika pande mbili za ufa, laza uzi mmoja wa shaba juu yake, chomelea kwa pasi ndogo ya wati 25 au 30. Gusa na kuondoa. Ukikawia, plastiki inajikunja na mstari unanyanyuka wote. Mahali ambapo kishikio cha glopu kinazunguka usiache donge la risasi, kishikio hakitakaa sawa.

Nenda na glopu ya zamani dukani. Kwa kawaida zinazotumika ni za kitako cha kuchomeka, T5 au T10, na tofauti ya wati ina maana. Iliyoandikwa wati 3.4 ukiibadilisha kwa ya wati 5 utapata mwanga zaidi kwa siku kadhaa, halafu joto linaanza kupindisha kishikio na kukausha uso wa geji. Angalia pia kofia ndogo ya raba ya kijani au bluu iliyovishwa kwenye glopu ya zamani. Hiyo ndiyo inayotia rangi, ihamishie kwenye mpya.

Mwanga hafifu, au glopu haziishi muda

Mwanga ukipungua wote sawasawa, rudi kwenye riostati na ethi. Vikiwa vizima, glopu zimezeeka na vioo vyake vimeingia weusi. Badilisha zote kwa pamoja ilhali geji iko nje, na futa vumbi sehemu ya ndani inayorudisha mwanga.

Glopu zikiungua kila mara, usilaumu duka kabla hujapima chaji. Injini ikiwa inanguruma juu kidogo, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikivuka 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) ya oltaneta, mashine inayochaji betri, imekufa, na glopu za geji ni za kwanza tu kulalamika, betri inafuata.

Taa za LED zinapendwa kwa weupe wake na hazina joto kali. Zina upande wa chanya na hasi, kwa hiyo isipowaka igeuze kabla ya kuirudisha dukani. Riostati za zamani hazizipunguzi vizuri. Kwenye taa ya onyo ya betri, sishauri kabisa kuweka LED. Kwenye oltaneta nyingi za zamani, mkondo mdogo unaopita kwenye glopu hiyo ndio unaoiamsha oltaneta ianze kuchaji. LED inapitisha kidogo mno, unaweza kuwasha gari na chaji isiingie mpaka ukanyage sana mafuta, au isiingie kabisa. Glopu hiyo ikiungua matokeo ni yaleyale.

Kwa hiyo kabla ya kurudisha geji, rudisha waya wa betri, chomeka konekta, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya betri na ya oili lazima ziwake zote mbili. Ya oili ikiwa imekufa, injini inaweza kukosa oili na kukwama bila wewe kupata onyo lolote, na kwa bei ya injini hiyo glopu ni bure. Halafu washa taa ndogo, zungusha riostati, kanyaga breki, piga indiketa pande zote mbili, ukiangalia kila upande wa geji. Kila kitu kikiitika, bana kebo ya spidi mpaka usikie imeingia, ndipo ufunge skrubu. Kesho yake barabarani sindano ya spidi ikitetemeka, kebo imelala kwa kona kali nyuma ya geji. Fungua tena uilaze kwa kona pana.